Ini la Panya na Unga wa Makueni

Mwaka 1974 Gerald Wogan na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha hesabu ya panya. Panya dume walikuwa wamelishwa chakula chenye aflatoksini kwa viwango mbalimbali, siku baada ya siku, mpaka uzeeni. Wale 18 ambao chakula chao hakikuwa na sumu, hakuna hata mmoja aliyepata saratani ya ini. Waliokula sehemu 15 kwa bilioni, 4 kati ya 21 waliipata. Sehemu 50, ni 20 kati ya 25. Sehemu 100, ni 28 kati ya 28. Yaani hakubaki hata mmoja.

Sehemu 100 kwa bilioni ni kitu kidogo sana. Chukua pakiti ya unga ya kilo mbili: ni kama punje tatu nne za chumvi zimepotelea mle ndani. Huzioni, huzionji, na moto wa jiko hauzimalizi. Ugali unaiva vizuri tu.

Sasa shika hiyo namba 100 tuvuke miaka 30 mbele. Kati ya Januari na Julai 2004, watu 317 waliugua upande wa Ukambani, wengi wao Makueni na Kitui. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakafura, na 125 wakafa. Wachunguzi walipopima mahindi yaliyokuwa yakiuzwa kwenye masoko ya eneo hilo, asilimia 55 ya sampuli zilizidi kiwango cha juu kilichoruhusiwa na sheria ya wakati huo, yaani 20. Asilimia 35 zilipita 100. Asilimia 7 zilipita 1,000.

Niseme mapema kabla mtu hajanirukia: waliokufa 2004 hawakufa kwa saratani. Ile ilikuwa sumu ya haraka, ini linaharibiwa ndani ya siku au wiki chache. Saratani ni deni la miaka mingi, na hakuna anayekuja kulihesabu kijiji kwa kijiji. Lakini sumu ni hiyo hiyo na ini ni hilo hilo. Kilichonivuta mimi kwenye hii stori si hata vifo vyenyewe, ni swali la nyuma yake. Huwezi kusema kemikali fulani inaharibu jeni kama huna namna ya kuuona huo uharibifu. Nani aliuona kwanza, na aliuonaje? Nilisoma baiokemia miaka miwili kabla karo haijanishinda, kwa hivyo nitaeleza vile ningependa mtu angenieleza wakati huo, bila zile slaidi.

Kila kitu kilianza na bata mzinga. Mwaka 1960 zaidi ya vifaranga 100,000 vya bata mzinga vilikufa Uingereza kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Wakauita tu ugonjwa X. Vyote vilikuwa vimelishwa mashudu ya njugu kutoka Brazil, na ingekuwa rahisi kuilaumu Brazil kesi iishe. Lakini taarifa zikaanza kuingia kwamba vifaranga vya bata walikuwa wanakufa vivyo hivyo Kenya na Uganda, kwa lishe ya njugu za huku huku. Na ni njugu za Uganda zilizowapa watafiti wa Uingereza kile walichokuwa wanakitafuta: kuvu inayoitwa Aspergillus flavus. Chukua A ya neno la kwanza, ongeza fla ya neno la pili, malizia na neno la Kizungu la sumu. Hivyo ndivyo jina aflatoksini lilivyozaliwa.

Ukiiweka sumu hii chini ya ile taa ambayo wenye maduka wanatumia kukagua noti feki, inang'aa. Zingine zinang'aa buluu, zikaitwa B. Zingine kijani, zikaitwa G. B1 ndiyo mbaya kuliko zote. Mwaka 1963, pale pale MIT, umbo lake la kikemia likajulikana. Na tayari mwaka 1961 panya waliolishwa yale mashudu walikuwa wameonyesha jambo ambalo bata mzinga hawakupata muda wa kulionyesha, kwa sababu walikufa mapema mno. Wengi wa wale panya walipata uvimbe wa saratani kwenye ini.

Hapo ndipo mambo yalipokataa kueleweka. Ukiichukua aflatoksini safi ukaichanganya na DNA ndani ya chupa, hakuna la maana linalotokea. Ukiwapa bakteria, jeni zao zinabaki vile zilivyo. Sasa kitu ambacho hakigusi DNA kinampaje panya saratani?

Swali lenyewe lilikuwa na umri kuliko aflatoksini. Mwaka 1915 Wajapani wawili, Katsusaburo Yamagiwa na Koichi Ichikawa, walipaka lami ya makaa kwenye masikio ya sungura, tena na tena kwa miezi, hadi saratani ikatokea. Hiyo angalau ilieleweka kidogo, umepaka sikio, sikio limeugua. Miaka ya 1930, huko huko Japani, wengine wakawalisha panya rangi za viwandani. Moja ilikuwa rangi ya manjano iliyowahi kutumiwa kuipendezesha siagi. Rangi iliingia kwa mdomo, ikapita tumboni, lakini saratani ikatokea kwenye ini. Kisha kukawa na kemikali nyingine, kwa ufupi AAF, ambayo ilitengenezwa Marekani iwe dawa ya kuua wadudu. Kabla haijaingia sokoni ilijaribiwa kwa panya, na mwaka 1941 ikatangazwa kwamba inawaletea saratani, ya ini na ya viungo vingine. Haikuuzwa. Hebu fikiria ni mashamba mangapi iliponea kwa sababu tu mtu alisema tungojeni kwanza tuone panya watafanyaje.

Walioanza kulifungua hili fundo ni mume na mke, James na Elizabeth Miller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mwaka 1947 walionyesha kwamba panya wakilishwa ile rangi ya siagi, sehemu yake inashikamana na protini za ini kiasi kwamba ukiosha haitoki. Rangi yenyewe, ikiwa peke yake, haishikamani na chochote namna hiyo. Kwa hivyo ini lilikuwa limeifanyia kitu. Waliendelea kulisukuma wazo hilo kwa miongo, rangi kwa rangi, kemikali kwa kemikali, mpaka likawa somo la kawaida vyuoni: nyingi ya sumu hizi zinaingia mwilini zikiwa pole, na ini ndilo linalozifanya ziwe kali.

Si kwamba ini lina ubaya. Kazi yake mojawapo ni kuchukua vitu vya mafutamafuta ambavyo havitaki kutoka mwilini na kuvibadilisha ili viyeyuke kwenye maji, viende na mkojo. Hatua ya kwanza mara nyingi ni kubandika oksijeni mahali. Kwa vitu vingi hiyo haina shida. Kwa aflatoksini B1, pale katikati ya kazi, kabla hatua ya pili haijafika, kinatokea kitu chenye njaa kali ya kushikana na chochote kilicho karibu. Kinaishi muda mfupi sana. Kikifika kwenye DNA kinajibandika kwenye guanini, moja ya zile herufi nne. Seli ikija kunakili hapo inaweza kusoma vibaya. Wazee wetu walipozungumza juu ya maneno ya kukata maini hawakuwa na habari za guanini, lakini walijua uchungu unakaa wapi.

Basi kama ini ndilo linalotengeneza sumu, kipimo chochote kisicho na ini ni kipofu. Likisemwa hivyo linaonekana rahisi, lakini lilichukua hadi miaka ya 1970 kugeuzwa kuwa kifaa cha maabara. Mwaka 1971 Heinrich Malling alichanganya vipande vya seli za ini la panya na kemikali moja ambayo peke yake haikuwafanya bakteria kitu, na jeni za bakteria zikabadilika. Mwaka 1972 Garner, akifanya kazi na akina Miller, akafanya kitu kama hicho kwa aflatoksini. Aflatoksini na bakteria, kimya. Aflatoksini, bakteria na ini, bakteria wakafa. Mwaka 1973 Bruce Ames wa Berkeley, California, akaja na kipimo ambacho kila mtu aliyepita darasa la baiolojia amewahi kukisikia.

Ames alikuwa na bakteria aina ya salmonela waliolemazwa makusudi. Hawawezi kujitengenezea histidini, na bila histidini hawakui. Njia yao kubwa ya kupona ni jeni iliyoharibika ibadilike tena, irudi vile ilivyokuwa. Kwa hivyo unawamwaga kwenye sahani isiyo na histidini ya kutosha, unaongeza kemikali unayoishuku, unaongeza juisi ya ini la panya, unangoja siku mbili. Madoa mengi kwenye sahani maana yake kemikali inachezea jeni. Juisi yenyewe inaitwa S9. Ini linasagwa, linazungushwa kwenye mashine kwa nguvu mara 9,000 ya ile ya mvutano wa dunia, na kile kinachobaki juu ndicho kinachotumika. Ili ini liwe na vimeng'enya vingi, panya alikuwa anadungwa kwanza mafuta ya viwandani yanayoitwa Aroclor 1254. Mafuta hayo baadaye yalipigwa marufuku kwa sababu ni sumu yenyewe. Yaani ilibidi panya awekwe sumu moja ndiyo atusaidie kuijua nyingine.

Kilichofanya kipimo cha Ames kienee ni bei na haraka. Kupima saratani kwa panya wazima kulichukua miaka miwili na zaidi, na pesa nyingi. Hiki kilichukua siku chache, na Ames aligawa bakteria zake bure kwa maabara zilizoomba. Januari 1977 Arlene Blum na Ames waliandika kuhusu Tris, kemikali ya kuzuia moto iliyokuwa inatiwa kwenye nguo za kulalia za watoto Marekani. Kwenye sahani ilikuwa inabadilisha jeni. Aprili mwaka huo huo serikali ya Marekani ikapiga marufuku nguo hizo. Miezi mitatu! Weka hiyo akilini, nitairudia.

Lakini juisi si ini. Ukisaga ini unavunja nyumba nzima. Vile vimeng'enya vinavyofanya sumu iwe kali vinaendelea kufanya kazi, na vile vya kuipoza vinabaki bila wasaidizi wao. Halafu bakteria ni bakteria. Hana kiini cha seli, na harekebishi DNA yake kama vile seli ya mnyama inavyofanya. Mtu angeuliza, kwani kwa nini tusiulize seli ya ini yenyewe?

Tatizo ni kwamba seli za ini hazipendi kutoka nyumbani. Ukikatakata ini unapata uji wa seli zilizokufa. Mwaka 1969 Berry na Friend walionyesha njia inayofanya kazi, na Per Seglen wa Norway akaiboresha miaka ya 1970. Panya anatiwa usingizi. Mrija unaingizwa kwenye mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini, na maji ya vuguvugu yenye chumvi maalumu yanapitishwa mpaka ini linapoteza rangi ya damu. Kisha yanafuata maji yenye kolajenesi, kimeng'enya kinachoyeyusha ile gundi inayoshikanisha seli. Ini linalegea kama nyama iliyopikwa kupita kiasi. Ukilitikisa taratibu kwenye chombo, seli zinaachiliana zikiwa hai, mamilioni. Unazimwaga juu ya vioo vidogo na zinajishikiza hapo, zikiwa bado na uwezo wao wa kupika sumu na wa kuipoza, kwa siku moja mbili hivi.

Bado kuna shida moja. DNA iliyoharibika huwezi kuiona kwa hadubini ya kawaida, alama ni ndogo mno. Ujanja uliotumika ni kuacha kutafuta uharibifu na kuanza kutafuta fundi. Ukitaka kujua magari yaligongana vipi Nairobi wiki iliyopita, si lazima usimame barabarani. Nenda kwa wanaonyoosha bodi ukahesabu kazi walizopata. Seli nayo ina mafundi wa DNA. Wakiona herufi iliyobandikwa uchafu wanakata kipande, wanatupa, na wanajaza herufi mpya. Mwaka 1964 Rasmussen na Painter walikuwa wameliona hili kwenye seli za wanyama zilizopigwa na mionzi. Kwa kawaida seli huhitaji herufi mpya za DNA kwa wingi inapojiandaa kugawanyika. Seli ya ini la panya mzima iliyotulia kwenye kioo ni nadra kugawanyika. Kwa hivyo ukiiona inachukua herufi mpya nje ya ratiba, jua inaziba viraka.

Gary Williams wa American Health Foundation, New York, ndiye aliyeunganisha hivi vyote kati ya 1976 na 1977. Seli za ini la panya kwenye kioo, kemikali unayoishuku, na herufi ya DNA iitwayo thaimidini iliyotiwa haidrojeni yenye mionzi. Unaziacha hivyo kama siku moja. Unaosha. Unachovya kioo kwenye dawa ya picha, ile ya filamu za zamani, gizani kabisa, na unakiweka kwenye friji kwa siku kadhaa. Kila mahali fundi alipoweka thaimidini mpya, mionzi yake inachoma dawa ya picha. Ukisafisha kioo kama picha, unaona vitone vyeusi juu ya kiini cha seli. Kisha mtu anaketi na hadubini anahesabu. Vitone juu ya kiini, toa vitone vya eneo kama hilo nje ya kiini, andika. Seli inayofuata. Baada ya kuhesabu seli nyingi kutoka kwenye vioo kadhaa, wastani ukifika vitone vitano au zaidi, kemikali hiyo imekamatwa.

Mimi hapa ndipo nilipoipenda hii kitu. Hakuna mashine ya ajabu. Ni giza, friji, na mtu mvumilivu anayehesabu vitone. Aflatoksini B1 haikuhitaji hata kuwekwa kwa wingi. Kwa kiasi kidogo sana vitone vilijaa.

Bado kuna kemikali zilizoponyoka. Kioo hakina tumbo, hakina utumbo, hakina damu inayozunguka. Mwaka 1980 Jon Mirsalis na Byron Butterworth, kwenye taasisi ya utafiti ya North Carolina iliyofadhiliwa na kampuni za kemikali, walibadilisha mpangilio. Mpe panya mzima kemikali kwanza, ngoja saa kadhaa, ndipo utoe seli za ini uhesabu vitone. Faida yake ilionekana haraka kwa dinitrotoluini, inayotumika kutengeneza baruti na pia sponji kama za magodoro. Kwenye seli za kioo haikuonyesha kitu. Kwa panya mzima, vitone tele. Bakteria wa utumboni ndio waliokuwa wanaifanyia hatua moja ya kazi, kisha ini likamalizia. Na zingatia kwamba hili liligunduliwa kwenye taasisi ya pesa za viwanda. Sisemi viwanda ni watu wazuri. Nasema kipimo kizuri kinaweza kumuumbua hata anayekilipia.

Nchi tajiri, kupitia shirika lao la OECD, ziliviweka vipimo hivi kwenye mwongozo rasmi: kile cha seli za kioo mwaka 1986, kile cha panya mzima mwaka 1997. Siku hizi vimezeeka. Kile cha kioo kimeondolewa, kwa sababu kilikuwa kinakosa kemikali nyingi, na tangu 2014 kuna mwongozo wa kipimo kingine ambapo seli inawekewa umeme na DNA iliyokatika inavutwa nje kama mkia wa kimondo. Hiyo nayo mara nyingi hufanywa kwa seli za ini la panya. Njia imebadilika, kiungo bado kile kile.

Lakini panya gani? Kwa Kiswahili tunawaita wote panya, na kwa jambo hili hapo tunapoteza kitu kikubwa. Yule panya mkubwa wa maabara anapata saratani kwa aflatoksini kidogo, kama ulivyoona kwa Wogan. Yule mdogo, binamu yake, unaweza kumlisha nyingi na asidhurike. Si kwamba ini lake haliipiki ile sumu. Linaipika kwa kasi hata zaidi, ila ana kimeng'enya kinachoidaka kabla haijafika kwenye DNA. Kama mwaka 1961 waliolishwa mashudu wangekuwa wale wadogo, pengine tungeambiwa njugu ziko sawa. Kinyume chake pia kipo. Tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, inaharibu DNA ya ini la panya mkubwa na kumpa saratani ya ini, jambo lililozua hofu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanawake wanaoimeza hawajapata saratani ya ini kwa namna hiyo. Hatari yao ndogo inayojulikana iko kwenye mji wa mimba, na dawa bado inaokoa wengi, kwa hivyo aliyeandikiwa asiiache kwa sababu ya makala ya mtandaoni.

Kwa hivyo ilikuwa haki mtu aulize: na sisi je? Sehemu ya jibu ilitoka Murang'a. Mwaka 1973 Peers na Linsell walichapisha utafiti uliogawanya wilaya hiyo kwa urefu kutoka usawa wa bahari: juu kwenye baridi, katikati, na chini kwenye joto. Walipima aflatoksini kwenye chakula cha watu wa kila sehemu na kulinganisha na visa vya saratani ya ini. Kadiri unavyoshuka, sumu kwenye chakula inapanda, na saratani nayo inapanda. Huo ni mwaka mmoja kabla ya jedwali la Wogan. Miaka hiyo hiyo, Uganda nako watafiti walikuwa wanaona kitu kama hicho. Baadaye, 1991, makundi mawili ya watafiti yaliangalia uvimbe wa ini wa wagonjwa wa China na wa kusini mwa Afrika, maeneo yenye aflatoksini nyingi. Kwenye jeni iitwayo p53 wakakuta kosa lile lile, mahali pale pale, namba 249, guanini imebadilishwa. Ndiyo ile guanini ambayo sumu ya ini inapenda kujibandika. Na mtu aliye na virusi vya hepatitisi B, ambavyo kwetu si adimu, hatari yake inaongezeka mara nyingi zaidi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikuwa limeshaiweka aflatoksini kwenye kundi lake la kwanza mwaka 1987, yaani la vitu vilivyothibitishwa kuwapa watu saratani.

Kwa hiyo kufikia 2004 hakukuwa na fumbo lolote. Hata vifo vya haraka havikuwa vigeni. Mwaka 1981 watu 20 walilazwa kutoka Machakos wakiwa na ini lililoharibiwa na mahindi yenye sumu, 12 wakafa, na taarifa ikachapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka uliofuata. Miaka 23 baadaye ni Ukambani tena. Mahindi yalivunwa mapema kwa njaa na kwa kuogopa wezi, yakawekwa ndani ya nyumba yakiwa na unyevu, kuvu ikafanya yake. Nguo za Tris ziliondolewa madukani ndani ya miezi mitatu kwa ushahidi wa bakteria na ini lililosagwa. Kwa aflatoksini kulikuwa na bakteria, seli za kioo, panya wazima, na Murang'a.

Najua jibu la haraka, kwamba nguo unaweza kupiga marufuku na kuvu huwezi. Ni kweli nusu. Tulishusha kiwango kutoka 20 hadi 10, na Novemba 2019 shirika la viwango la serikali likasimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa siku moja, watu wa Nairobi wakashtuka na kuulizana kwenye simu wamekula gani. Lakini hiyo ni pakiti ya dukani, ambayo ina nambari na mwenye kiwanda wa kuulizwa. Waliokufa 2004 wengi walikula mahindi ya shamba lao wenyewe, yaliyopelekwa kwenye posho mill kwa debe. Hapo hakuna sampuli inayochukuliwa. Kilichopo ni mama anayechagua punje zilizooza kwa mkono kabla ya kusaga, na Wakamba wanaokoboa mahindi kupata muthokoi, jambo ambalo linapunguza sumu kwa sababu nyingi inakaa kwenye ganda. Punguza tu, si kumaliza. Na mwaka wa njaa, nani anatupa punje?

Kwenye maabara, aflatoksini B1 safi inauzwa mpaka leo, kwa miligramu, ndani ya vichupa vidogo vyenye alama ya fuvu. Watafiti wa seli za ini huitumia kama kitu cha kulinganishia, kwa kuwa inajulikana hakika itafanya nini. Anayeifungua huvaa glavu, huifungua ndani ya kabati lenye feni inayovuta hewa nje, na akimaliza hupangusa meza kwa dawa ya klorini. Gunia la kilo 90 lenye sehemu 1,000 kwa bilioni lina miligramu 90 za sumu hizi, na Makueni mwaka ule lilikuwa linapimwa kwa gorogoro.